Ukambaa wa Mama Benedicta

Baba Padri, wafiwa wenzangu, majirani wa Temeke wa dini zote, na nyie mliokuja kutazama tu, maana mpo na nawaona. Naitwa Gozbert, mdogo wake marehemu Ansbert, kwa hiyo mama tuliyemleta hapa leo ni shemeji yangu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake. Kwa miaka mingi nimekagua tiketi kwenye treni ya bara, na mtu wa kazi hiyo hamwamini hata abiria aliyelala. Nitasoma kama nilivyoandika. Atakayejiona humu ndani, basi ni yeye.

Marehemu Demetria alizaliwa tarehe 14 Machi 1910 huko Kashozi, Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Didas, katekista, na Mama Tekla. Hiyo ndiyo tarehe ya cheti cha ubatizo. Bibi yake alishikilia mpaka anakufa kwamba mtoto alizaliwa miezi kadhaa kabla, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, na kwamba watu wa misheni waliandika siku waliyopata nafasi. Mie sina ushahidi wa upande wowote. Nimeandika ya misheni kwa sababu ndiyo yenye mhuri.

Mwaka 1919 alianza masomo katika shule ya wasichana ya misheni, akasoma mpaka darasa la nne, kisha watawa wakamweka awasaidie kulea darasa la vitoto vidogo. Huko ndiko alikoshukiwa kwa mara ya kwanza. Maharage ya jikoni yalikuwa yanapungua, na mpishi akaapa kwamba ni Demetria. Mtawa mmoja akamfuata mtoto wa darasa lile kimyakimya mpaka kwao. Akamkuta ameketi na bibi yake ugani, wametandaza konzi ya maharage kwenye jani la mgomba, bibi anamtajia mjukuu jina la kila aina na hii inapandwa lini na ile inaivaje. Kumbe Demetria alikuwa anawapa watoto kazi ya kwenda kufanya na watu wa nyumbani, na kesho yake kila mmoja anakuja na alichojifunza kwao. Mtawa alirudi zake, na tangu siku hiyo maharage yalitiwa kufuli.

Tarehe 10 Januari 1931 alifunga ndoa na kaka yangu Ansbert, karani. Kabla ya posa, ukoo ulinituma mie kwenda kuchunguza tabia ya binti. Nilichunguza kweli, nikauliza mpaka kwa watu wasiompenda. Sikukuta kitu, jambo ambalo lilinitia shaka zaidi. Ndoa ilifungwa hivyo hivyo, nami shaka yangu nikabaki nayo.

Agosti 1932 kaka alipata kazi ya forodha hapa Dar es Salaam, wakapanga chumba Ilala, na mie nikawafuata baadaye nilipoajiriwa reli. Mungu aliwapa watoto watatu. Benedicta, huyu mnayemwona mbele, alizaliwa 1934. Wawili waliomfuata, Filomena na Gaspar, walichukuliwa na surua wiki moja, Julai 1941, mmoja ana miaka mitano na mwingine mitatu. Siku ile fundi wa majeneza alipokuja kuwapima, shemeji aligeukia ukutani. Nilikuwepo. Baada ya hapo hakuwataja tena, na sisi tukadhani amesahau, kwa sababu ilitufaa kudhani hivyo.

Mwaka 1946 walijenga nyumba yao ya udongo na makuti hapa Temeke, na Februari 1948 marehemu akaanza kukusanya vitoto vya jirani barazani kwake. Vilikuwa vya miaka minne, mitano, ambavyo shule haijavitaka. Asubuhi walikwenda chuoni kusoma Kurani, wale wa Kiislamu, wakitoka huko wanakuja kwake. Hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na kikapu cha ukindu chenye kifuniko, akikiita kikapu cha zamu, kwa sababu kila Jumamosi kilikwenda nyumbani kwa mtoto mmoja na kurudi Jumatatu. Ndani aliweka kazi ya kufanywa na mtoto pamoja na wakubwa wake, na nyumba ile nayo iongeze kitu cha kuwafundisha wenzao.

Basi kila mtu akamshuku. Padri wa wakati ule alishuku kwa nini katekisimu haimo kikapuni. Mwalimu wa chuo alishuku kwamba imo, ila imefichwa chini. Askari wa mtaa alipita mara mbili kuuliza wanawake hawa wanakutania nini. Mie nilishuku tofauti na wote: nilijiuliza nani anafanya kazi asiyolipwa, na kwa faida gani. Wengine walinong'ona kwamba ni mumiani, mnyonya damu za watu. Kina mama walikuwa wanakipokea kikapu kwa ncha za vidole, wanakifunulia uani mbali na chakula.

Kikapu hakikuwa na kitu. Yaani kilikuwa na vitu, lakini visivyoweza kumshtaki mtu. Sadallah, fundi cherehani, alitia mabaki ya vitambaa, na watoto wakayapapasa wamefumba macho na kusema hii hariri, hii kaniki, hii drili. Nyumba nyingine ikatia iliki, mdalasini na binzari ya kunusa. Mie nami nilipewa zamu, nikatia tiketi zilizokwishatobolewa, na vitoto vikashinda vinachungulia jua kwenye vitundu. Niliziweka zile tiketi ili nione kama zitarudi zote. Zilirudi.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wenu mtaanza kutazama chini.

Mei 1949 marehemu alipata wazo jipya. Alinunua ukambaa, kamba ile ya ukindu ya kuwambia vitanda, akampima kila mtoto kutoka utosini mpaka kisigino, akamkatia kipande cha urefu wake. Akawaambia, Jumamosi hii kikapu kinapumzika, kila mtu aende na ukambaa wake nyumbani, na pamoja na mama na baba watafute kitu chenye urefu kama huo. Watoto wakaondoka wanaburuta urefu wao mchangani, wanacheka.

Marehemu alikuwa mtu wa bara. Hakujua, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia, kwamba kwa watu wa hapa anayepimwa hivyo, utosini mpaka kisigino, ni maiti. Kipimo hukatwa, hupelekwa kwa wachimbaji, na kaburi huchimbwa kwa urefu ule. Fikirini mama yuko jikoni anakuna nazi, mwanawe mzima anaingia na kipimo cha kaburi lake mkononi, anauliza, "Mama, humu ndani nini kina urefu wangu?"

Kabla ya alasiri nyumba zote zilikuwa zimekwishaingiwa na hofu. Kipimo hicho hakiwekwi ndani, kuchoma ni balaa, kutupa huwezi, hujui atakayekiokota. Kina mama wakakimbilia kwa Bi Mwanaheri. Kwa wageni, Bi Mwanaheri ndiye aoshaye maiti za wanawake wa Kiislamu mtaani kwetu, na vipimo ni kazi yake. Alizikusanya kambaa zote kwenye upindo wa kanga, akaja nazo mpaka barazani. Nilikuwa likizo siku hizo, nimekaa pale nakunywa kahawa.

Akazilaza chini moja moja mbele ya marehemu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa wamekufa lini?"

"Akina nani, Bi Mwanaheri?"

"Hawa uliowapima."

Shemeji alipoelewa, uso ulimpauka. Alitaka kueleza, lakini Bi Mwanaheri alikwishageuka, na mjukuu wake Nassibu kamshika mkono. Jumatatu hakuja mtoto wa pwani hata mmoja. Walibaki watatu wa bara, na kwa wiki mbili zile shemeji aliimba nao kama kawaida, ila sauti yake ilikuwa imekauka.

Kisha surua ikaingia Temeke, na wa kwanza kushikwa akawa Chausiku, binti wa Sadallah fundi cherehani. Wengi wenu mnamfahamu Sadallah kwa upole wake. Alikuja jioni, akakataa kiti. Akasema, "Mwalimu, mwanangu akiondoka, mie sitakwenda polisi." Akaaga vizuri, akaenda zake. Kila mmoja pale barazani alimwelewa. Kaka Ansbert akasema tuhamishe vyombo turudi Ilala. Mie nilikubaliana naye mia kwa mia, na nilikwishaanza kufungasha masufuria.

Marehemu akakataa. Alisema akikimbia, ndiyo atakuwa amekiri. Halafu akasema jambo lililoniuma: kwamba huyo mtoto ana surua, na yeye anaijua surua, na hawezi kuondoka kabla hajajua imeishaje.

Asubuhi yake akachukua ukambaa mpya, mzima, akaelekea kwa Bi Mwanaheri. Nilimfuata, kwa sababu sikumwamini mwenye nyumba. Tulimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja unipime."

Bi Mwanaheri akaweka ungo chini. "Unajua unachokiomba?"

"Sasa najua. Mwezi uliopita sikujua."

"Na kwa nini ukawapima watoto wa watu?"

Shemeji akakaa chini mchangani, mtu mzima yule, na nguo yake safi. Akasema, "Nimezika wawili wiki moja. Alikuja fundi akawapima, mie nikageuza uso. Mpaka leo sijui wanangu walikuwa warefu kiasi gani. Nikipita dukani nikiona kitambaa, najaribu kukisia, nashindwa. Nikasema hawa wa wenzangu wapimwe wakiwa wanacheka, mama zao waujue urefu wao. Hilo tu, Bi Mwanaheri. Kama nimeita msiba, uanzie kwangu. Nipime, na kipimo ukae nacho wewe."

Niliona aibu kusikia, maana sikuwahi kumwuliza. Bi Mwanaheri akainuka. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika. Shemeji akajilaza chali, mikono ubavuni. Yule bibi akampima kama anavyowapima wale wengine, bila haraka, utosini mpaka kisigino, akakata kwa kisu, akaupiga ukambaa fundo na kwenda kuuweka katika sanduku anamohifadhi sanda yake mwenyewe. Nilisikia kifuniko kinafungwa, na sikuupenda mlio ule.

Alipotoka akasema, "Niletee zile za watoto." Zilipoletwa akaanza kuziunga, ncha kwa ncha, kipimo cha Nassibu na cha Chausiku, cha Chausiku na cha mwenzake, mpaka ikawa kamba moja ndefu. "Kipimo kikifungwa na cha mwenzake," alisema, "si cha mtu tena." Sijui kama hiyo ni mila au alitunga pale pale. Nimewauliza wazee wawili, wakatofautiana, na yeye mwenyewe nikimwuliza ananiambia niendelee na tiketi zangu.

Ile kamba aliipeleka uani kwa Sadallah, chini ya dirisha la mgonjwa. Akaita watoto waliokwishaugua surua zamani wairuke, wawili wanazungusha, wengine wanaruka na kuhesabu kwa sauti. Chausiku alikuwa amelala ndani gizani na kitambaa machoni. Marehemu alikaa pembeni ya kitanda siku zile zote, anamkanda, anamnywesha uji kwa kijiko, na Sadallah amesimama mlangoni anamwangalia mikono yake. Siku homa iliposhuka, mtoto aliuliza wanaruka nini huko nje. Baba yake akamwambia, "Wanaruka wewe." Ndipo Sadallah alipovuta kiti, akamkaribisha Mwalimu akae vizuri.

Chausiku yuko hapa leo, kashika shada. Ana miaka kumi na minne na ni mrefu kuliko baba yake.

Watoto wakarudi mmoja mmoja, kila mama akijifanya kwamba mwanawe alikuwa na kikohozi tu. Bi Mwanaheri alimleta Nassibu, na yeye mwenyewe akakaa barazani. Tulipomwuliza, alisema amekuja kuchunga, maana mwalimu huyu hajui mambo mengi. Alichunga mpaka mwaka huu. Alitia mkono kikapuni pia: siku ya zamu yake aliweka pamba, karafuu maiti na kipande cha sabuni, akawafundisha watoto kuosha mdoli wa matambara kuanzia kulia. Baadhi ya wazazi walikuja juu. Marehemu akawaambia Bi Mwanaheri kafundisha usafi, na mwenye malalamiko aje barazani amwambie mwenyewe. Hakuja mtu.

Kaka Ansbert alifariki tarehe 2 Septemba 1953, na marehemu akaendelea na vitoto vyake bila kupumzika zaidi ya siku za matanga.

Juni 1957 alianza kulalamika tumbo. Hospitali ya serikali mjini walimwambia gesi, kisha wakasema vidonda, kisha wakasema uvimbe, kila safari daktari mwingine na maneno mengine. Sikumwamini hata mmoja, na kwa bahati mbaya wa mwisho alikuwa sahihi. Maumivu yalimkunja. Mwaka huu wote alilala kwa ubavu, magoti kifuani, akawa mdogo mpaka Benedicta alimbeba peke yake kumpeleka uani. Watoto bado walikuja, wakawa wanafanyia kazi zao chini ya dirisha ili awasikie.

Sitaficha nilichofikiria. Nilifikiria sanduku la Bi Mwanaheri. Nilikwenda kwake nikamwambia, kwa adabu, arudishe ukambaa wa shemeji yangu. Akanijibu, "Mwenyewe aje auombe." Nikarudi nikamwambia shemeji amwombe. Alikuwa na maumivu siku ile, lakini alicheka. Akasema, "Gozbert, mwache. Yeye peke yake ndiye anayejua nilivyokuwa." Nilidhani ni homa inayosema.

Alifariki nyumbani kwake Temeke jana, Jumatano tarehe 12 Novemba 1958, asubuhi, baada ya kupokea sakramenti. Benedicta alikuwepo, na Bi Mwanaheri alikuwepo, kamshika mguu.

Marehemu ameacha binti mmoja, Benedicta, na mkwe wake. Mjukuu mmoja, Tekla, aliyeanza barazani mwaka huu. Ndugu zake walioko Kashozi, ambao simu ya kifo imekwishapelekwa kwao. Mie shemeji yake. Na watoto wa kikapu, ambao hakuna aliyejua idadi yao na sitaki mtu aje kunitajia.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo, maana zilipigwa taipu jana. Yaliyobaki nimeyaandika kwa mkono leo.

Asubuhi hii nilikuja huku makaburini kukagua. Nilikuwa na kijiti alichonikatia seremala, chenye urefu wa jeneza, kwa sababu wachimbaji siwaamini. Nikamkuta Sadallah ndani ya shimo, jasho linamtoka, na Nassibu anatupa udongo. Nikaweka kijiti changu. Kaburi lilikuwa refu kuliko jeneza, limepita kwa zaidi ya mkono. Nikauliza nani kawapa kipimo. Sadallah akatoa mfukoni ukambaa mkuukuu, wenye fundo, uliogeuka rangi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Bi Mwanaheri alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama. Nikamwambia mbele yao wote, "Umeuvuta ule ukambaa. Umerefuka."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Haujavutwa, mwanangu. Ndio urefu wake. Nyie mmemzoea mgonjwa."

Nikasimama pale na kijiti changu. Nilijaribu kumkumbuka alivyokuwa siku ile mkekani, chali, miguu imenyooka, na nikashindwa kumwona. Nilikuwa namwona yule aliyejikunja tu. Ndipo nikalia, na mlioniona mlidhani nalia kwa sababu ya msiba.

Seremala alimpima alivyokufa. Bi Mwanaheri alimpima akiwa mzima, na wachimbaji wamefuata cha Bi Mwanaheri. Nimekagua, na mie ndiye ninayesema: kipimo ni cha haki.

Shemeji, nafasi yako ni kamili. Usijikunje tena. Jinyooshe, upumzike.